Faili za Pamoja Ofisini: Nani Asome, Nani Aandike?

SOMO LA WIKI KWA WAFANYABIASHARA NA WAWEKEZAJI WADOGO

Mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huu unatukumbusha zama ambazo daftari lilikuwa moja, limehifadhiwa katika mkoba wa mwenye mali, na kalamu iko mfukoni mwake. Siku hizi daftari limo ndani ya kompyuta, na kompyuta hiyo imeunganishwa na nyingine mbili au tatu kwa waya au kwa Wi-Fi. Karani wa ghala analifungua, mhasibu analifungua, mnunuzi aliyeko vijijini analitaka, na kijana aliyeitwa kutengeneza printa naye analiona. Swali la somo letu wiki hii ni hili: katika ofisi ndogo yenye mtandao wake, watumiaji waingie kwa njia gani katika faili za pamoja?

Ndugu msomaji, usiliache swali hili kwa fundi peke yake. Fundi atakuuliza ni nani afungue folda gani, na jibu la swali hilo linatoka kwenye biashara yako. Ukikaa kimya, atachagua njia iliyo rahisi kwake, ambayo mara nyingi ni kufungua kila kitu kwa kila mtu ili simu za malalamiko zisimfuate.

Kwa ajili ya somo hili tuweke ofisi yetu Haneti, katika wilaya ya Chamwino, mkoa wa Dodoma, kwenye barabara kuu itokayo Dodoma mjini kwenda Kondoa na Babati. Barabara hiyo ya lami ya Dodoma hadi Babati, yenye kilomita 251, ilizinduliwa Aprili 2018. Nyanda hizi hutoa alizeti, ufuta, mtama na karanga, na vilima vya Haneti vinajulikana kwa krisopresi, lile jiwe la kijani linalotafutwa na masonara wa nchi za mbali. Ofisi yetu ni ya mfano tu, na bei tutakazotumia ni za kufundishia hesabu, si bei za soko. Ina watu wanne: mwenye mali, mhasibu, karani wa ghala na mnunuzi anayezunguka vijijini. Ina kompyuta tatu, printa moja na ruta moja.

HATARI NI MBILI, SI MOJA

Wengi wakisikia neno usalama wa faili hufikiria wizi wa siri peke yake. Kwa hakika faili ya biashara ina hatari mbili zilizo tofauti. Ya kwanza ni kuonwa na asiyepaswa kuona. Ya pili ni kubadilishwa na asiyepaswa kubadili.

Mfanyabiashara wa mawe anaogopa zaidi hatari ya kwanza. Faili yake ina uzito wa kila jiwe, picha yake, bei aliyonunulia na bei ambayo mnunuzi wa nje ameahidi. Mtu akiisoma tu, bila kugusa hata tarakimu moja, madhara yametokea, kwa sababu kesho mchimbaji atataja bei akijua ukomo wako.

Mfanyabiashara wa mazao anapaswa kuogopa zaidi hatari ya pili. Idadi ya magunia yaliyomo ghalani si siri kubwa, maana kila apitaye anaona lori likipakua. Lakini tarakimu hizo zikibadilika, fedha inabadilika. Tuseme mkulima ameleta ufuta kilo 6,480. Mtu mmoja akifungua faili kutafuta jambo jingine, akagusa kitufe bila kujua, ikasomeka kilo 4,680. Kwa bei ya mfano ya shilingi 1,000 kwa kilo, tofauti ya kilo 1,800 ni shilingi 1,800,000. Mkulima atakuja na karatasi yake ya mzani, na ofisi itakuwa na kompyuta inayompinga. Hapo ndipo swali la nani alibadili linapoulizwa, na kama watu wote wanne huingia kwa jina moja na neno moja la siri, swali hilo halina jibu. Karani atashukiwa kwa sababu tu ndiye mdogo.

Basi hilo ndilo jambo kuu la somo hili: njia nzuri ya kuingia katika faili ni ile inayomtambua mtu kwa jina lake na kumpa kiasi kile tu cha ruhusa kinachohitajiwa na kazi yake. Humlinda mwenye mali dhidi ya hasara, na humlinda mfanyakazi mwaminifu dhidi ya lawama.

NJIA TATU ZA KUFUNGUA MLANGO

Njia ya kwanza ni mlango wazi. Folda inawekwa mtandaoni, na kila aliyeunganishwa na ruta anaingia bila kuulizwa. Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, ilikuwa na mpango rahisi wa namna hii, ambao kila aliyetoka kompyuta nyingine alihesabiwa kuwa mgeni asiye na jina. Ni njia ya haraka, na kwa folda ya fomu tupu haina ubaya. Lakini kumbuka kwamba mteja uliyempa neno la siri la Wi-Fi ili asubiri akiperuzi simu yake, naye yumo ndani ya mtandao huo huo.

Njia ya pili ni neno moja la siri kwa kila folda. Waliotumia Windows 95 na Windows 98 watakumbuka kwamba mtumiaji alitakiwa kuchagua kati ya namna mbili: kulinda folda kwa neno la siri, au kulinda kwa orodha ya majina ya watu. Namna ya majina ilihitaji seva ya kutunza orodha hiyo, na ofisi ndogo hazikuwa na seva, kwa hiyo nyingi zilitumia neno la siri la folda. Kasoro ya njia hii ilikuwa ya aina mbili. Mosi, ufundi wenyewe: mwezi Oktoba 2000 Microsoft ilitoa marekebisho baada ya kugundulika kwamba katika Windows 95, 98 na Me mtu angeweza kuingia katika folda bila kulijua neno zima la siri. Pili, na hii ndiyo kubwa zaidi, ni desturi ya watu. Neno linalojulikana na watu wanne si la siri tena. Huandikwa kwenye karatasi na kubandikwa kando ya skrini. Mmoja akiacha kazi, hapana budi kulibadili na kuwajulisha wote waliobaki, kazi ambayo kwa kawaida huahirishwa mpaka isahauliwe.

Mpango wa neno moja kwa wote ulirudi tena katika Windows 7 ya mwaka 2009, safari hii kwa ajili ya mitandao ya nyumbani, na Microsoft iliuondoa katika Windows 10 mwaka 2018. Aidha, matoleo mapya ya Windows yanazidi kumkataa mgeni asiye na jina.

Njia ya tatu ni jina la mtu. Kila mfanyakazi ana akaunti yake na neno lake la siri. Folda haiulizi neno lolote la kwake, bali inatazama aliyegonga ni nani, kisha inaangalia katika orodha yake kama mtu huyo anaruhusiwa na kwa kiasi gani. Mtu akiondoka, unafunga akaunti moja tu na wengine wanaendelea na kazi. Kompyuta za leo zinafanya jambo hili bila seva ya gharama. Kompyuta ya kawaida yenye Windows 10 au 11 inaweza kushirikisha folda kwa miunganisho isiyozidi 20 kwa wakati mmoja, na ofisi ya watu wanne haifiki huko.

KUSOMA SI KUANDIKA

Ukishachagua njia ya majina, hatua ya pili ni kuamua kiasi cha ruhusa. Katika Windows utakuta viwango vitatu vikuu kwenye folda ya mtandaoni. Read ni kusoma na kunakili tu. Change ni kusoma, kuandika na kufuta. Full Control ni hayo yote pamoja na uwezo wa kubadili ruhusa za wengine. Kiwango hiki cha tatu ni cha msimamizi peke yake, maana ukimpa karani umempa kufuli pamoja na kiwanda cha funguo.

Angalia vizuri kwamba kuandika kunakwenda pamoja na kufuta. Na faili iliyofutwa kutoka kompyuta nyingine kupitia mtandao kwa kawaida haiingii katika kapu la taka ambamo ungeweza kuiokota. Inakwenda moja kwa moja. Hii ni sababu tosha ya kutompa mtu ruhusa ya kuandika eti kwa ajili ya kumrahisishia.

Ofisi yetu ya Haneti inaweza kugawa folda zake hivi:

GHALA. Humu mna mapokezi, uzito na magunia yaliyotoka. Karani wa ghala anaandika. Mhasibu, mnunuzi na mwenye mali wanasoma.

MALIPO NA MADENI. Mhasibu anaandika. Mwenye mali anasoma. Karani na mnunuzi hawaingii.

BEI NA MIKATABA. Mwenye mali anaandika. Mhasibu anasoma. Wengine hawaingii. Mnunuzi anapewa bei ya siku kwa simu au kwa karatasi, si mkataba mzima.

WATU. Humu mna majina, simu na akaunti za benki za wakulima, pamoja na mishahara. Mhasibu anaandika, mwenye mali anasoma.

FOMU. Stakabadhi tupu, barua za mfano na kadhalika. Wote wanasoma, mhasibu anaandika.

Msomaji ataona jambo ambalo huenda likamshangaza: mwenye mali mwenyewe hana ruhusa ya kuandika katika GHALA wala MALIPO. Si kwamba haaminiki. Mwenye mali ndiye mwenye haraka kuliko wote, hufungua faili akiwa na simu sikioni, na kompyuta yake ndiyo hupokea barua nyingi za watu asiowafahamu. Akitaka kurekebisha jambo, amwambie mwenye daftari. Akaunti ya msimamizi, ile yenye uwezo wote, isitumike kwa kazi za kila siku. Neno lake la siri liandikwe, liwekwe katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri, na bahasha ikae kasikini.

Mgawanyo huu unaondoa kero nyingine inayofahamika sana. Faili ya Excel ya kawaida ikiwa imefunguliwa na mtu mmoja kupitia mtandao wa ofisi, wa pili hupewa ya kusoma tu. Wa pili mwenye haraka huhifadhi nakala yake na kuipa jina jipya, na jioni ofisi ina GHALA, GHALA MPYA na GHALA MPYA SAHIHI, kila moja na jumla yake. Kila daftari likiwa na mwandishi mmoja anayejulikana, hali hiyo haitokei.

MAKUFULI MAWILI YA MLANGO MMOJA

Hapa ndipo wengi hukwama, hivyo tusome taratibu. Katika Windows folda ya pamoja ina makufuli mawili. La kwanza ni la mtandao: linamhusu anayekuja kutoka kompyuta nyingine. La pili ni la diski yenyewe: linamhusu kila mtu, hata aliyekaa mbele ya kompyuta inayotunza faili. Anayekuja kwa mtandao anapita makufuli yote mawili, na lile kali zaidi ndilo linalotawala. Kama kufuli la mtandao linasema andika lakini la diski linasema soma, mtu huyo atasoma tu.

Kosa la kawaida ni kufunga la mtandao na kusahau la diski. Matokeo yake mnunuzi aliyezuiwa akiwa kwenye kompyuta yake anainuka, anakaa kwenye kompyuta ya mhasibu aliyekwenda chakula cha mchana, na anasoma kila kitu. Kosa la pili ni kuacha neno Everyone, yaani kila mtu, katika orodha ya kufuli la diski na kumpa ruhusa ya kuandika.

Utaratibu unaofaa ofisi ndogo ni kuweka masharti yote katika kufuli la diski, kwa majina, kisha kufuli la mtandao likaruhusu kwa ujumla watu wa ofisi waliotambuliwa. Hivyo una mahali pamoja pa kukagua. Diski iwe ya mpangilio wa NTFS, ambao ndio wa kawaida katika Windows. Flashi na diski za nje zenye mpangilio wa FAT32 au exFAT hazina kufuli hili la majina hata kidogo.

Jambo jingine la kuokoa muda: usitoe ruhusa kwa mtu, itoe kwa kundi. Tengeneza kundi la MAKARANI, kundi la WAHASIBU na kundi la WANUNUZI, uyape makundi hayo ruhusa, kisha uwaweke watu ndani yake. Msimu wa mavuno ukileta karani wa muda, unamwingiza katika kundi siku ya kwanza na kumtoa siku ya mwisho bila kugusa folda hata moja.

FAILI ZIKAE WAPI?

Zipo sehemu tatu. Ya kwanza ni kompyuta mojawapo ya ofisi. Haina gharama mpya, ila kompyuta hiyo lazima iwe imewashwa muda wote wa kazi na isiwe ile ambayo mwenye mali huibeba kwenda nayo Dodoma mjini. Windows isiwe iliyopitwa na wakati: Microsoft iliacha kutoa huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025.

Ya pili ni kisanduku cha diski kinachounganishwa na ruta na kutunza faili peke yake. Vingi vya visanduku hivi hutumia programu ya bure iitwayo Samba, iliyoanzishwa na Andrew Tridgell wa Australia mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambayo huzungumza lugha ya faili ya Windows. Faida yake ni kwamba hakuna anayekaa mbele yake kuandika barua, kwa hiyo kufuli la mtandao na majina ya watu vinatosha. Kiwe na diski mbili zenye yaliyo sawa, na kiwekwe pamoja na ruta kwenye kifaa cha kuhifadhi umeme, ili umeme ukikatika ghafla faili zisikatwe katikati ya kuandikwa.

Ya tatu ni huduma ya mtandaoni kama Google Drive, inayotoa gigabaiti 15 za bure kwa akaunti. Kanuni haibadiliki: kuna anayetazama tu, kuna anayeweka maoni, na kuna anayehariri. Ubora wake ni kwamba mnunuzi aliye kijijini anaona kwa simu, na nyaraka zilizotengenezwa humo zina historia inayoonyesha ni akaunti gani iliyobadili na lini. Hatari yake ni ule mtindo wa kumpa ruhusa yeyote aliye na kiungo. Huo ni mlango wazi wa njia ya kwanza, tofauti ni kwamba sasa mlango unatazama dunia nzima. Kiungo kikitumwa katika kundi la WhatsApp, hujui kitakapoishia. Daima mpe mtu kwa anuani yake.

Kwa ofisi ya Haneti ambayo mtandao wa simu au umeme unaweza kusumbua wakati lori linapakua, ushauri wa ukurasa huu ni kuchanganya: daftari la kazi likae ofisini ambako mzani upo, na nakala ya jioni ipelekwe mtandaoni ambako moto na mwizi hawafiki.

RUHUSA HAIONDOI HAJA YA NAKALA

Tarehe 12 Mei 2017 programu ya uharibifu iliyoitwa WannaCry ilisambaa katika nchi zaidi ya 150 na kufunga faili za kompyuta zaidi ya 200,000, ikidai malipo ili izifungue. Ilipita kwenye kasoro ya njia ile ile ya Windows ya kushirikishana faili. Microsoft ilikuwa imetoa kinga tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Waliodharau kusasisha ndio walioumia.

Ni kweli kwamba katika shambulio hilo mgawanyo wa ruhusa peke yake usingetosha, kwa kuwa mdudu alipitia ukutani, si mlangoni. Lakini programu nyingi za namna hii huingia kwa mtumiaji mmoja kufungua kiambatisho, na zikishaingia hufanya yale ambayo mtumiaji huyo anaruhusiwa. Mnunuzi mwenye ruhusa ya kusoma tu akipatwa, daftari la ghala linabaki salama. Mwenye mali mwenye ruhusa ya kila kitu akipatwa, ofisi nzima imepatwa.

Kwa hiyo kila jioni mhasibu achukue nakala ya GHALA na kuihifadhi kwa tarehe, mahali ambapo karani hawezi kuandika. Nakala moja kwa wiki iwe kwenye diski inayochomolewa na kufungiwa. Nakala hizi zina kazi ya pili: ubishi ukitokea, daftari la leo linalinganishwa na la jana, na mstari uliobadilika unaonekana. Wanafunzi wa uhasibu wanajua kwamba kosa katika daftari halifutwi, bali husahihishwa kwa ingizo jipya lenye maelezo. Karani afundishwe vivyo hivyo: kama kilo zilikosewa, aongeze mstari wa sahihisho, asirudi juu kufuta.

SHERIA INASEMAJE

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya kuwa kosa kuingia kwa makusudi na bila idhini katika mfumo wa kompyuta. Lakini ili useme mtu hakuwa na idhini, sharti kwanza uwe umeweka idhini. Ofisi iliyofungua folda kwa wote itapata taabu kumweleza askari ni mpaka upi uliovukwa.

Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu kuzilinda zisipotee wala kufikiwa au kubadilishwa na wasiohusika. Orodha ya wakulima yenye majina, namba za simu na akaunti za benki ni taarifa binafsi. Ndiyo maana folda ya WATU katika ofisi yetu ina mlango mwembamba kuliko nyingine.

NENO KWA MWEKEZAJI

Huenda msomaji ambaye hana ofisi, ila ana akiba yake katika SACCOS au amemkopesha mfanyabiashara fedha za kununulia mazao, akadhani somo hili halimhusu. Linamhusu sana. Benki ya Barings ya London, iliyoanzishwa mwaka 1762, ilianguka Februari 1995 kwa hasara ya pauni milioni 827. Mfanyakazi wake wa Singapore, Nick Leeson, alikuwa akifanya biashara sokoni na wakati huo huo akisimamia ofisi inayoandika na kuthibitisha biashara hizo. Hasara alizificha katika akaunti namba 88888. Mnunuzi na mwandishi wa daftari walikuwa mtu mmoja. Benki iliyodumu zaidi ya miaka 230 iliuzwa kwa kampuni ya ING ya Uholanzi kwa pauni moja.

Haneti si Singapore, lakini kanuni ni ile ile. Anayenunua mazao asiandike daftari la ghala, na anayeandika daftari la ghala asiandike malipo. Mtandao wa kompyuta unaweza kuitekeleza kanuni hii kila siku bila kuchoka wala kuoneana haya, mradi uwe umeagizwa hivyo. Kabla ya kutoa fedha zako, muulize mwenye biashara maswali mawili: ni nani anaweza kubadili daftari la ghala, na akibadili utajuaje? Akijibu kwa majina, endelea na mazungumzo. Akijibu kwamba pale wote ni ndugu na wanaaminiana, rudisha fedha mfukoni mpaka ndugu hao wagawane folda.

ZOEZI LA KUJIPIMA

Mfanyabiashara afanye zoezi hili siku moja baada ya kufunga kazi. Halihitaji fedha, linahitaji karatasi moja na muda wa saa moja.

1. Andika majina ya folda zote za pamoja upande wa kushoto, na majina ya wafanyakazi juu. Katika kila kisanduku andika S kwa kusoma, A kwa kuandika, au mkwaju kwa asiyeingia.

2. Angalia kila folda. Je, ina A zaidi ya moja? Kama ndiyo, eleza sababu ya kila moja kwa sentensi. Ukishindwa kuieleza, ifanye S.

3. Angalia kila mtu. Je, kuna mwenye A katika GHALA na katika MALIPO pia? Mgawanye.

4. Kaa kwenye kompyuta ya karani, ingia kwa akaunti yake yeye akiwepo, na ujaribu kufungua folda ya mishahara. Karatasi husema yaliyokusudiwa, jaribio huonyesha yaliyopo.

5. Orodhesha wote walioacha kazi tangu msimu uliopita. Je, akaunti zao zimefungwa? Je, wameondolewa katika nyaraka za mtandaoni?

6. Chukua nakala ya wiki iliyopita na uifungue. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa haijulikani kama ni nakala.

Karatasi hiyo ikishakamilika, isainiwe na mwenye mali na mhasibu, kisha apewe fundi kama agizo. Irudiwe kabla ya kila msimu wa mavuno, wakati ghala lingali tupu na makarani wa muda hawajaanza kazi.